Siku moja ya baiskeli kwenye vihamba vya Vunjo: Marangu Mtoni hadi Kawawa bila kiongozi, kwa chakula na vinywaji vya njiani

Mleta mada

Wakuu, habari za wakati huu. Katika uzi wa matembezi ya mwisho wa juma nilisema kwamba mtu aliye Moshi anaweza kukaa siku nzima juu ya baiskeli kwenye mlima Kilimanjaro, upande wa Vunjo, bila kampuni ya utalii na bila kiongozi, akala na kunywa vya Wachaga wenyewe kila anapopumzika. Wadau kadhaa waliniomba maelezo kamili, nami nimeona ni vema nifungue uzi wake, kwa sababu jambo lenyewe nalipenda na sitaki kulieleza kwa mistari miwili. Njia hii nimeiendesha mara sita, katika misimu tofauti, mara mbili nikiwa peke yangu.

Kosa ninaloliona kwa wengi wanaojaribu ni kupanga siku kwa kilomita. Anakuja mtu aliyezoea kuendesha kilomita 60 za tambarare, anatazama ramani, anaona kwamba kutoka Marangu Mtoni kupitia Kilema, Kirua na Nduoni hadi Kawawa, kwenye barabara kuu ya Moshi hadi Himo, ni yapata kilomita 30 tu, kisha anajiambia kwamba saa tatu zinatosha. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro kilomita hazisemi kitu. Mito yote inatoka juu kaskazini na kushuka kusini, na barabara yetu inakwenda kutoka mashariki kuelekea magharibi, kwa hiyo inakata kila korongo: unateremka hadi darajani, unapanda hadi mgongo wa pili, unapumua kidogo, kisha unateremka tena. Mimi siku yangu naipanga kwa chakula. Naamua nitakunywa chai wapi, mtori nitaukuta wapi, na mbege, pombe ya ndizi, nitaionja saa ngapi. Baiskeli inafuata ratiba hiyo.

Jambo la kwanza ni kutokupanda kwa miguu yako kutoka Moshi. Barabara kuu ya Moshi hadi Himo ina malori yanayokwenda Holili na mabasi yanayokwenda Dar es Salaam, na hakuna raha yoyote ya shamba utakayoipata pembeni mwa magari hayo. Kutoka Himo kwenda Marangu Mtoni ni mpando mtupu wa zaidi ya kilomita kumi, ambao utakumalizia nguvu kabla safari haijaanza. Nenda stendi ya Moshi saa kumi na mbili asubuhi, tafuta Noah au Hiace ya Marangu yenye keria, elewana na kondakta bei ya baiskeli kama mzigo kabla haijapandishwa juu, na ufunge kwa kamba yako mwenyewe. Ninasisitiza kamba yako, kwa maana kamba za mpira wanazofungia magunia huachia kwenye kona, na usukani ukipinda hapo hakuna siku tena.

Ukifika Marangu Mtoni mapema, uko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari na hewa bado ni ya baridi. Mara nyingi Kibo, kilele cha mlima, huonekana wazi alfajiri na kufunikwa na mawingu kadiri jua linavyopanda, kwa hiyo tazama mlima kwanza, kula baadaye. Migahawa midogo ya pale hutoa supu na chapati asubuhi, na hiyo ndiyo inayonifaa, kwa sababu makorongo mawili ya mwanzo ni makali na mandazi peke yake hayakufikishi mbali. Usishangae ukiagiza kahawa na kuletewa maji ya moto pamoja na kopo la kahawa ya unga ya kiwandani. Kahawa ya mlima huu kwa sehemu kubwa imelimwa ili iuzwe: mkulima huichuma, huimenya, huikausha na kuipeleka kwenye chama cha msingi cha ushirika, nayo huishia mnadani na kuvuka bahari, wakati yeye nyumbani anakunywa chai ya maziwa. Ukitaka kahawa ya kweli, subiri hadi Kilema.

Unapoliacha soko nyuma, barabara inaingia kwenye vihamba, na hapa nawaomba wakuu mwende polepole. Kihamba ni shamba linalozunguka nyumba, lililorithiwa kutoka kwa baba na babu, na limepangwa kwa ghorofa: juu kabisa mringaringa na miti mingine mikubwa ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na ardhini kabisa magimbi, maharage na mboga. Ng'ombe hawatolewi nje; wako zizini, wanaletewa majani na mabua ya migomba, na samadi yao inarudi kwenye mgomba ule ule. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia, kwa kuchukua kijiji cha Shimbwe Juu kule Uru kama mfano. Ukiwa ndani ya gari huoni lolote kati ya haya, unaona ukuta wa kijani tu. Ukiwa kwenye baiskeli macho yako yanafika juu ya ua wa masale, yale majani marefu yanayopandwa mipakani, unasikia mashine ya mkono ikimenya kahawa kama ni msimu, yaani kuanzia Julai na kuendelea, na harufu ya moshi wa jikoni inakuambia ndizi za nyumba ipi zimeiva.

Utaona pia mifereji myembamba ya maji ikikatiza kando ya barabara au kupita kwenye ukingo wa mteremko mahali ambapo hukutegemea maji yapite. Hiyo ndiyo mifongo. Ilichimbwa na wazee kwa mikono kuanzia enzi za kabla ya wakoloni, ikitoa maji kwenye mito kule juu na kuyaleta vihambani kwa mteremko uliokadiriwa kwa macho, na kila mfongo una zamu zake na watu wake wa kuusafisha. Ninaposimama kupumzika napenda kusimama penye mfongo, kwa sababu kuna kivuli na kwa sababu mara nyingi kuna mtu wa kuzungumza naye.

Sasa niseme kuhusu breki, kwa kuwa safari yangu ya pili ilikaribia kuishia korongoni. Nilikodi baiskeli ya gia Moshi mjini, nikaijaribu kwa kuizungusha uwanjani, nikaridhika. Katika mteremko mrefu kabla ya Kilema nikaanza kunusa mpira unaoungua, na nilipobana breki ya nyuma mkono ulifika mwisho bila kitu kushika. Niliruka kushoto kwenye ukingo wa udongo na kuchubuka goti na kiwiko. Ile mipira ya breki ilikuwa imekwisha tangu siku nyingi, nami sikuinama kuitazama. Tangu hapo nakagua mambo matatu kabla sijalipa chochote: unene wa mipira ya breki mbele na nyuma, waya wa breki karibu na mkono ambako huanza kukatika uzi mmoja mmoja, na tairi la mbele. Nabeba tyubu moja ya akiba, solusheni, viraka vya tyubu, pampu na spana. Mafundi baiskeli wapo kwenye karibu kila senta, na kazi yao ni nzuri, lakini tyubu ya kipimo cha baiskeli yako wanaweza wasiwe nayo.

Kilema ndipo mahali ninapokaa muda mrefu kuliko pote. Misheni yake ya Kikatoliki ilianzishwa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu mwanzoni mwa miaka ya 1890, na ni katika viunga vya misheni hiyo ambako kahawa ya arabika ilipandwa mapema kabisa katika mlima huu, kabla haijawa mali ya kila kihamba na kabla wakulima hawajaunda chama chao mwaka 1925, kile kilichozaa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, mwaka 1933. Ukiuliza kwa adabu kwenye nyumba zilizo kando ya barabara, hutakosa mama anayekubali kukukaangia kahawa kwa malipo. Mimi nilikaangiwa kwenye chungu juu ya mafiga matatu, punje zikigeuzwa kwa mwiko hadi zikaanza kutoa mlio na kung'aa, zikatwangwa kwenye kinu, zikachemshwa bila kuchujwa. Tulisubiri machicha yatulie chini, tukanywa pamoja na ndizi mbivu fupi zenye utamu mkali. Kazi hiyo ilichukua karibu saa nzima, na ni saa ambayo siibadilishi na mteremko wowote.

Mchana uwe ni mtori au machalari. Mtori, kwa wasioujua, ni ndizi mbichi za mchare zilizochemshwa pamoja na nyama ya ng'ombe yenye mifupa, kisha zikapondwa na kupekechwa mpaka zikawa supu nzito. Ndicho chakula anachopewa mzazi ili apate nguvu na maziwa, na mwendesha baiskeli mwenye makorongo matatu mbele yake naye anaustahili. Machalari ndizi zake haziponduki, zinabaki vipande ndani ya mchuzi wa nyama. Nimekula vyote viwili kwenye vibanda vya kawaida kati ya Kilema na Nduoni, na ushauri wangu ni kufika kabla ya saa saba, kwa sababu sufuria likiisha limeisha, hapikiwi mtu mmoja aliyechelewa.

Mbege naiacha mwisho, baiskeli ikiwa imeegeshwa na miteremko ikiwa nyuma yangu. Nasema hivi nikiwa mpenzi wa mbege. Ni pombe nyepesi, lakini haiachi kuchacha: ya asubuhi ni tamu na nzito kama uji, ya jioni imekuwa chungu na kali zaidi, na mgeni aliyeshiba ndizi hawezi kupima kwa ulimi amekunywa kiasi gani. Kutoka Nduoni kushuka Kawawa ni mteremko unaohitaji mikono miwili na akili yote. Kwa hiyo nateremka kwanza, migomba inapungua, hewa inakuwa ya joto, mashamba ya mahindi na alizeti yanaanza, nafika barabara kuu, nafunga baiskeli, ndipo natafuta kilabu. Baada ya hapo narudi Moshi kwa gari, baiskeli ikiwa juu ya keria kama ilivyokuja.

Kuhusu msimu, epukeni masika, Machi hadi Mei. Vipande vya barabara visivyo na lami ni udongo mwekundu, ambao ukilowa hujaa kwenye tairi na mnyororo mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Januari, Februari na Septemba ni miezi niliyoifurahia zaidi. Juni na Julai hakuna mvua kubwa, ila mlima hufunikwa na wingu la baridi siku nzima na unahitaji koti.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakushukuru kwa uzi huu ulioandikwa kwa utulivu. Mimi ni mwanamke, ninaendesha baiskeli Dar es Salaam kila Jumapili pamoja na kundi, na ninafikiria kuja Moshi mwezi Septemba pamoja na dada yangu. Sisi si Wachaga na hatujui neno hata moja la Kichaga. Je, tukiwa wawili bila mwenyeji, tutaweza kuingia kwenye nyumba za watu na kuomba kahawa kama ulivyofanya wewe bila kuonekana watovu wa adabu? Na je, vyoo na maji ya kunywa tutavipata wapi?

Mleta mada

Karibuni sana, dada yangu. Kiswahili kinatosha kila mahali katika njia hii. Neno moja tu la Kichaga ninalowashauri kulibeba ni *aika*, yaani asante, kwa kuwa linamfurahisha aliyewahudumia. Kuhusu nyumba, msivuke ua wa masale kabla hamjakaribishwa. Simameni barabarani, pigeni hodi, mwamkieni mkubwa aliyepo kwa shikamoo, mjitambulishe mmetoka wapi na mnakwenda wapi, kisha ndipo mseme haja yenu na mseme wazi kwamba mtalipa. Ninyi mtakuwa na nafasi nzuri kuliko mimi, kwa sababu jikoni ni kwa akina mama, na mwanamume mgeni huketishwa nje uani wakati wanawake hukaribishwa karibu na mafiga.

Vyoo mtavipata kwenye migahawa ya Marangu Mtoni na kwenye viunga vya makanisa, ambavyo viko vingi njiani. Maji bebeni lita mbili kila mmoja kutoka mwanzo, na mengine mtanunua kwenye maduka ya senta. Bebeni noti ndogo ndogo; mama aliyeuza ndizi za shilingi mia chache hawezi kukurudishia chenji ya elfu kumi, naye ataona aibu kukuambia hivyo.

Mchangiaji wa pili

Kijana wangu, nimesoma maelezo yako tangu mwanzo mpaka mwisho. Mimi ni mzaliwa wa Kilema, sasa nina miaka zaidi ya sabini, na nimefurahi kwamba umeeleza kihamba kwa heshima. Nina mambo ya kuongezea na moja la kukurekebisha.

La kukurekebisha ni mbege. Umeisema kama kinywaji cha kilabuni peke yake. Mbege huanza na ndizi mbivu zinazochemshwa kwa muda mrefu hadi maji yake yanakuwa mekundu kama udongo wetu, kisha zinapumzishwa na kuchujwa, na pembeni kuna kimea cha ulezi kilichooteshwa, kikaanikwa, kikasagwa na kupikwa uji. Vitu hivyo viwili vikikutana ndipo pombe inazaliwa, na uchungu wake mzuri unatokana na gome la msesewa. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa, nayo hufanywa kwa ajili ya mahari, kwa ajili ya kuwapatanisha waliogombana, kwa ajili ya matanga. Kilabuni leo kuna wanaofupisha kazi hiyo na kuweka sukari. Mkitaka kuonja iliyo halali, muulizeni mzee wa mahali nani amepika nyumbani wiki hiyo. Aliyepika ataonja kwanza mbele yenu ndipo awape. Na mtu akiwapa kinywaji cheupe kikali kwenye chupa ndogo, kataeni, hiyo ni gongo, imeharibu vijana wetu.

La pili, mifongo. Usiwaache wageni wakadhani kwamba maji yale ni ya kunywa kwa kuwa ni baridi na yanaonekana safi. Yamepita kwenye mazizi ya watu wengi kabla ya kufika barabarani. Na asiwepo mtu wa kuweka jiwe ndani ya mfongo ili aegemeze baiskeli yake au aoshe tairi, kwa maana kuna mtu huko chini ambaye leo ndiyo zamu yake.

La tatu, masale. Ukiyaona yamezunguka nyumba au mpaka, ni mpaka. Ukiyaona yamesimama machache katikati ya migomba, hapo huenda amelala mtu. Msipige picha wala kukata jani. Jani la sale kwetu mtu hulipeleka kwa aliyemkosea ili aombe msamaha, na ni vigumu sana kumkatalia aliyekuja nalo; halichezewi.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Ninapokea yote, na la mbege ninalipokea kwa uzito wa pekee, kwa sababu ni kweli kwamba mbege niliyoinywa kule chini barabarani ilikuwa na utamu wa mbele ambao haukufanana na ule wa ndizi. Nitaurekebisha mpango wangu hivi: badala ya kutafuta kilabu Kawawa, nitauliza Kilema asubuhi nani amepika, nitanunua lita mbili kwenye dumu safi lenye mfuniko uliolegezwa ili hewa ipite, nitalifunga kwenye keria ya nyuma, na nitakunywa Moshi nikiwa nimeshaoga. Aika sana, meku, yaani mzee wangu.

Mchangiaji wa tatu

Wakuu, mimi naona njia hii ni fupi. Je, siwezi kuanza juu zaidi, kwenye lango la Marangu la hifadhi, nikaendesha ndani ya msitu kuelekea magharibi hadi juu ya Kilema, kisha nikashuka? Ramani ya simu inaonyesha vijia.

Mleta mada

Mkuu, vijia vipo lakini haviko huru. Kupanda hadi langoni kutoka Marangu Mtoni hakuna tatizo, ni lami ya kilomita chache na mpando wa haja, unafika karibu mita 1,900. Msitu ulio juu ya vihamba ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na huwezi kuingia bila kibali na ada, kwa baiskeli au kwa miguu. Baiskeli ndani ya hifadhi zina njia yake maalumu na taratibu zake, ambazo hutaki kuzianza saa mbili asubuhi langoni. Tena huko msituni hakuna mtori. Ukitaka urefu zaidi, anzia Mwika upande wa mashariki, ambako lami iendayo Rombo inapita, uje Marangu Mtoni kwa ajili ya supu, kisha uendelee nasi magharibi. Hapo utakuwa umeongeza makorongo ya kukutosha.

Kwa wale walioniandikia pembeni wakitaka tuende pamoja: nitakwenda Jumamosi ya pili ya Septemba, mvua isiponyesha usiku wa kuamkia siku hiyo. Nitakuwa stendi ya Moshi, upande wa magari ya Marangu, saa kumi na mbili kasoro robo. Kila mtu aje na kamba yake, tyubu yake na breki alizozikagua mwenyewe. Watu watano wanatosha, kwa sababu sufuria la mtori nililolizoea si kubwa, na wenyeji nao wanalitegemea.